Kupima ampea za plazma hapa Unguja: anza kwa kupima pasipo na kitu

Watu wakisikia mwalimu wa fizikia wa skuli anawasha plazma stoo kwake Mpendae wanafikiria bomu au uchawi. Mie nawaambia hiyo taa ya tyubu inayowaka dukani kwako ndani yake mna plazma, radi ya masika ni plazma, ile cheche ya fundi anayechomelea geti nayo ni plazma, ni gesi tu iliyopigwa umeme mpaka elektroni zikabanduka kwenye atomu zake na sasa gesi yenyewe inapitisha mkondo. Kuiwasha si kazi kubwa wallahi. Kazi ni kujua unapita mkondo kiasi gani na unapita wapi, mana hapo ndo mita zinapoanza kuongopa, na nimehangaika miaka na hizi probu, yaani vifaa vya kupimia, chache za kununua na nyingi za kujitengenezea, kwaiyo naandika yale ambayo ningependa mtu angenambia mapema.

Mtambo wenyewe usiufikirie mkubwa. Ni bomba nene la kioo, huku na huku vibamba vya alumini na ringi za mpira zilizopakwa grisi, na pampu ya kuvuta hewa ambayo wala si yangu, ni ya mpwa wangu. Yeye fundi wa AC, anazunguka mahoteli ya Paje na Nungwi, na fundi wa AC anayejua kazi yake kabla hajajaza gesi lazima avute hewa na unyevu wote uliomo kwenye mabomba, kwa hiyo ana pampu nzuri na ana mita ya mikroni, yaani ya kupima shinikizo la hewa iliyobaki, mikroni zikiwa chache ndo hewa imetoka zaidi, na lengo lao la kawaida ni kushuka mpaka mikroni 500. Kumbe mikroni 500 ndo hapohapo plazma ya mwanga inapopenda kukaa! Baina ya mikroni 100 na 1000, ukitia volti mia kadhaa, unapata mwanga wa waridi na zambarau umelala ndani ya bomba kimya kabisa. Yaani pampu anayoifunga fundi AC nyuma ya pikipiki ndo pampu ya maabara, na sisi huku tunalia kila mwaka kwamba skuli hazina vifaa.

Umeme mkubwa natoa kwenye transfoma ndogo ya taa za neoni, ile ya miliampea 30, inapita kwenye daiodi na kapasita inakuwa DC, halafu lazima kuwe na rezista ya kuzuia, usiiache hiyo. Plazma haina adabu ya waya. Waya ukiutia ampea zaidi unadai volti zaidi, plazma ikishawaka ukiiachia ampea zaidi volti zake zinaweza hata kushuka, kwa hiyo bila rezista inaendelea kula tu mpaka kitu kiungue. Na transfoma ya maikrowevu naomba usiiguse, hiyo inatoa karibu volti 2000 na ampea za kutosha kabisa, hata shahada hutomaliza. Hata hizo miliampea 30 za neoni si za kuchezea, mkono mmoja unakaa mfukoni na kapasita inatolewa chaji kwa fimbo yenye rezista kabla ya kugusa chochote, na miwani inavaliwa mana kioo kilichovutwa hewa kikipasuka kinakuja ndani halafu kinakurudia usoni.

Sasa tuje kwenye kupima. Mpwa wangu alikuja na klampu mita yake, wao ndo wanayoishi nayo, akabana waya wa plazma na mita ikasoma sifuri, na plazma inawaka mbele ya macho yetu. Akasema mjomba huo umeme wako hauna ampea. Zipo, ila klampu ya AC ndani yake ni transfoma, inaona mkondo unaopanda na kushuka tu, mkondo wa DC uliotulia unapita katikati yake na wala haushtuki. Klampu za DC zipo, zile zenye kisensa cha Hall kinachohisi usumaku wa mkondo, lakini zile za mafundi zimetengenezwa kwa mamia ya ampea, miliampea 10 kwao ni vumbi. Ipo hila moja ya kuzisaidia, unazungusha waya mara 10 ndani ya mdomo wa klampu halafu unagawa jibu kwa 10, inasaidia, lakini uirudishe kwanza sifuri ikiwa imekaa vilevile itakavyokaa wakati wa kupima, mana hata usumaku wa dunia inausoma.

Kwa mkondo uliotulia kama huu dawa yake ni rezista tu. Omu 100 kwenye njia ya kurudia, upande wa ethi, na miliampea 10 zinakupa volti 1 kamili, multimita ya bei rahisi inasoma vizuri kabisa. Nasema upande wa ethi kwa sababu osiloskopu nyingi, zile mita zenye skrini inayochora volti, ile klipu nyeusi ya probu imeunganishwa moja kwa moja na ethi ya ukutani, ukiibana kwenye upande wenye volti kubwa umepiga shoti na osiloskopu yako ya mtumba inakwenda kwa Mola wake.

Hapo unajua jumla ya mkondo. Lakini jumla haikwambii ndani mna nini, na hapa ndo inaingia probu ya Langmuir, na hii naipenda kuliko zote kwa sababu ni kitu cha kijinga kabisa kwa kukitazama: kipande cha waya kilichochomozwa ndani ya plazma. Irving Langmuir, Mmarekani aliyekuwa General Electric, ndo aliyeifanyia hesabu yeye na Mott-Smith miaka ya 1920, na ni yeye huyohuyo aliyeiita hii gesi plazma mwaka 1928. Yangu ni waya wa tungsteni wa milimita 0.3, ndani ya kijibomba cha kioo, umechomoza milimita 5 basi. Unautia volti kutoka hasi 60 mpaka chanya 60, kila hatua unaandika mkondo, halafu unachora.

Kabla ya hapo lakini kuna jambo la ethi ambalo vitabu vinalipita haraka. Nilichoka kuona watu wanaunganisha kathodi, kibamba cha hasi, kwenye ethi na anodi, kibamba cha chanya, kwenye volti kubwa, kwa sababu inaonekana ndo desturi, hasi kwenye ethi kama betri ya gari. Ukifanya hivyo plazma yote inakaa juu, volti mia kadhaa kutoka ethi, na probu yako nayo inapanda huko, na wewe unakuja na betri za volti 60 na multimita mkononi unajiona uko salama. Ipindue. Anodi iende kwenye ethi, kathodi ndo ipate volti kubwa hasi, hapo plazma ya upande wa anodi inakaa karibu na ethi na zile volti 60 zako za kwenda na kurudi zinatosha kabisa, na mita haimo hatarini.

Volti za probu natumia betri za volti 9, saba kwa mpangilio zinafika 63, unazipata popote Darajani. Mtu ataniuliza kwa nini usinunue paueasaplai. Mazoea haya niliyapata ile miezi mitatu tuliyokaa gizani kisiwa kizima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika, kila kipimo cha darasani ikabidi kiende kwa betri. Umeme uliporudi nikagundua vipimo vya betri vilikuwa visafi zaidi, ile mvumo wa hezi 50 haumo, na njia za ethi hazijizungushi zenyewe kwa zenyewe. Sikurudi tena nyuma.

Mchoro unaotoka una tabia zake. Upande wa hasi sana probu inazifukuza elektroni na kupokea ayoni tu, yaani zile atomu zilizobanduka elektroni, mkondo unakuwa mdogo na unalala karibu bapa, kwangu huwa ni kama mikroampea moja hivi. Ukipandisha volti elektroni zinaanza kufika, kuna mahali mkondo unakuwa sifuri kwa sababu ayoni na elektroni zinazofika zinafutana, halafu unapaa kwa kasi, halafu unavunjika goti na kupunguza mbio. Elektroni ni nyepesi na zina haraka, kwa hiyo upande wa chanya mkondo unakuwa mara mia na zaidi ya ule wa ayoni, na rezista uliyoweka kusoma mikroampea inakuwa kubwa mno, inakula volti zenyewe za probu. Mie nabadilisha, kilo-omu 100 kwa upande wa ayoni, kilo-omu 1 kwa upande wa elektroni, na kila mara natoa volti iliyoliwa na rezista kabla ya kuchora. Watu wengi hawatoi. Halafu wanashangaa goti limehama.

Ule mpando ndo wenye mali. Ukichora logi ya mkondo wa elektroni dhidi ya volti unapata mstari, na mwinuko wake unakupa joto la elektroni moja kwa moja, kama mkondo unazidi mara 2.7 kila volti 2 basi joto ni elektroni-volti 2, na elektroni-volti moja ni kelvini 11,600, kwa hiyo fanya hesabu, kelvini elfu 23. Wanafunzi hapa hawakubali hata kidogo. Wanagusa kioo, vuguvugu tu! Nawaambia elektroni zina joto hilo lakini ni chache, kwenye plazma ya namna hii unaweza kuwa na elektroni moja kwa molekuli milioni kumi na kitu za gesi, haziwezi kupasha kioo, ni kama tone moja la maji ya moto ndani ya bahari ya Forodhani.

Msongamano wa elektroni nao unaweza kuupata kwa mkondo wa ayoni, hesabu ya mwanafizikia Bohm ipo, lakini kwa mikroni 500 mie naichukulia kama makadirio ya mzee tu. Ile hesabu inadhani ayoni inaingia kwenye probu bila kugongana na mtu njiani, na kwa gesi nzito kiasi hiki inagongana sana. Ukishuka mikroni 100 inakuwa bora. Joto naliamini, msongamano nausema kwa sauti ndogo.

Sasa hili ndo lililonifanya niandike. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita alikuwa anaandika namba za upande wa hasi, ile mikroampea moja na kitu, vizuri kabisa, bapa kama inavyotakiwa. Plazma ikazimika, transfoma tuliizima ipoe, yeye bado kakodolea mita. Akasema mwalimu, imezimwa mbona inasoma? Kweli. Hasi 60 kwenye probu, bomba giza totoro, na mita inasoma kama mikroampea moja vilevile.

Ilikuwa masika. Unyevu wa Unguja mnaujua, na upepo wa bahari unakuja na chumvi, chumvi inakaa juu ya kila kitu, juu ya plastiki ya tundu la probu, juu ya bodi, juu ya waya wenyewe, halafu unyevu unaigeuza kuwa njia ya umeme. Fanya hesabu: volti 60 kupitia megaomu 50 ni mikroampea 1.2. Megaomu 50 mtu wa nyumbani anaiita haina umeme kabisa, imekatika, salama, lakini kwa anayepima ayoni hiyo ni kubwa sawasawa na kitu anachokitafuta. Tukafuta kila kitu kwa spiriti, tukakausha kwa draya ya nywele ya mke wangu, na ikashuka karibu na sifuri. Tangu hapo kila kipimo kinaanza na plazma imezimwa, hewa imevutwa, volti zote za probu zinapitishwa kuanzia hasi mpaka chanya na namba zinaandikwa kwenye safu yake. Halafu ndo tunawasha, na ile safu ya kwanza tunaitoa kwenye ya pili. Kwa nchi za wenzetu zenye maabara kavu sijui kama wanaona haja, huku kwetu bila hiyo safu sikubali mchoro wa mtu.

Ndani ya bomba nako probu inachafuka. Mvuke wa mafuta ya pampu unaigandia, na alumini ya kathodi inabanduka kidogokidogo ikapaka kile kijibomba cha kioo mpaka kioo chenyewe kinaanza kupitisha umeme na probu inajiona kubwa kuliko ilivyo. Dalili yake ni kwamba mchoro wa kupanda na mchoro wa kushuka havilingani. Ukiona hivyo ipandishe probu kwenye chanya kubwa iwe nyekundu kidogo kwa sekunde chache, elektroni zenyewe zinaichoma ikawa safi, lakini usikawie, tungsteni inavumilia ila gundi ya huku nyuma haivumilii.

Haya, hiyo ni plazma iliyotulia. Cheche ni habari nyingine kabisa. Ukichukua kapasita ya maikrowevu, mikrofaradi 1 hivi, ukaijaza volti 1000 na ukaiacha iruke kwenye nafasi ndogo, nishati ni nusu ya jouli tu, lakini kama waya wako una mikrohenri 1, henri ndo kipimo cha waya unavyoubishia mkondo unaobadilika, basi kilele cha mkondo kinakaribia ampea 1000 na unapwita kama kilohezi 160. Hapa rezista ya kupimia inakuangusha. Waya wa sentimita 2 tu una nanohenri kama 20, na mkondo unaokimbia ampea bilioni moja kwa sekunde unazaa humo volti 20, wakati rezista ya omu 0.01 kwa ampea 1000 inakupa volti 10. Yaani kelele ya waya inazidi kipimo chenyewe mara mbili.

Kwa cheche ni koili ya Rogowski. Walter Rogowski na Steinhaus waliiandika mwaka 1912, na mpaka leo mitambo mikubwa ya plazma kama ITER kule Ufaransa, uliokusudiwa kubeba ampea milioni 15 ndani ya plazma, inategemea koili za ukoo huohuo. Yangu imetokana na waya wa dishi la king'amuzi. Menya nje yote, toa foili na nyavu, ibaki ile plastiki nyeupe ya milimita 4 na nusu na waya wa shaba katikati yake, juu ya plastiki zungusha waya wa varnishi mzunguko mmoja kila milimita, mwisho wake ulehemu na ule waya wa katikati ili njia ya kurudi ipite ndani kwa ndani. Hii ya kurudi ndani usiiruke, bila hiyo koili nzima inakuwa pete moja kubwa inayodaka kila usumaku unaopita stoo. Halafu ukunje duara, mkondo upite katikati, bila kugusana na kitu. Haigusi plazma, haiisumbui, haimo hatarini, mie nadhani hakuna kipimo chenye adabu kuliko hiki.

Ila haikupi mkondo, inakupa mbio za mkondo. Koili kama hii inashirikiana na waya wa katikati kwa nanohenri 20 hivi, kwa ile ampea bilioni moja kwa sekunde inatoa volti 20. Unaweka rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ya nanofaradi 100 mwishoni, zizikusanye hizo mbio zirudi kuwa mkondo, na pale kwenye ampea 1000 unapata volti 0.2 yenye sura ya mkondo wenyewe kwenye osiloskopu.

Na cheche inapiga kelele hewani, redio ya jirani inajua. Mchoro mzuri wa mawimbi kwenye skrini haujathibitisha kitu. Mie nafanya hivi: naitoa koili kwenye waya naiweka pembeni yake, cheche ileile, skrini inatakiwa ilale. Halafu nairudisha, naigeuza juu chini, mchoro unatakiwa upinduke wote, kilichokuwa mlima kiwe bonde. Sehemu yoyote iliyokataa kupinduka hiyo si mkondo, imeingia kwa waya wa osiloskopu au kwa ethi, na ukijumlisha michoro miwili ukagawa kwa mbili inabaki kelele tupu uione. Nimewaona watu na vifaa vya maelfu ya dola hawajageuza koili yao hata mara moja, na mchoro wameshaubandika ukutani.

Kwangu kelele ilikuwa karibu robo ya mchoro. Ikapungua nilipousokota waya wa koili, nikauvisha zile nyavu za waya wa dishi, na kuacha ethi moja tu kwenye meza nzima.

Mpwa wangu sasa kaiona koili inavyojikunja na anaitaka, kuna jenereta ya hoteli moja mabasbaa yake, vile vyuma vya kupitishia umeme, ni manene klampu haipiti. Nimemwambia polepole. Kwa hezi 50 ampea 300 hii koili inatoa milivolti 2 tu, ile volti 20 ilikuwa ya cheche. Kwanza alete opampu, zile chipu za kukuza volti ndogo, tatu nne akienda Kariakoo, na tuanze kwa kuifunga jenereta ikiwa imezimwa.